Kafi Jepesi

Ukimwuliza mtu wa pwani akutajie vyombo vya baharini, ndugu msomaji, hatapata taabu: jahazi, mashua, dau, ngalawa, mtumbwi, hori. Ukimtaka sehemu za chombo, atakupa omo na tezi, mlingoti na foromali, tanga na demani, nanga na usukani. Kafi hatalitaja mpaka umkumbushe. "Aa, na kafi pia," atasema, kama mzazi aliyehesabu watoto wake akamsahau kitinda mimba.

Mimi mwaka huu nimeishi na kafi. Nimelipima kwa mizani ya dukani, nimelihesabia mapigo kwa saa ya mkononi, nimelibishania na mama jikoni na wazee barazani. Ndiyo sababu nimemwomba mhariri anipe kurasa chache ambazo kwa kawaida hupewa wenye kuandika juu ya mapenzi na majuto.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana Ijumaa moja chama chetu kilikaa saa nzima kikijadili jambo hili na hakikufika popote. Wanachama wa kutoka bara walishikilia ya kwamba kafi na kasia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kasia ni refu, hupitishwa katika kishwara, yaani kitanzi cha kamba kilichofungwa ubavuni mwa chombo, na mpigaji huketi akiwa ameipa omo mgongo, huenda asikokuona. Kafi ni fupi, halifungwi popote, hushikwa kwa mikono miwili na mpigaji hutazama mbele. Kwa hiyo dada yetu Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa, aliyeiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, alipiga makasia, hakupiga kafi. Na lile gongo la wageni lenye bapa huku na bapa kule, wanaloendeshea vile vyombo vyembamba viitwavyo kayaki, ni kafi, maana halina kishwara na mwenyewe hutazama aendako. Mwenye kupinga na aandike toleo lijalo.

Sasa niingie katika habari yenyewe. Kwetu ni Mnarani, ng'ambo ya kusini ya mkono wa bahari wa Kilifi. Wazee bado hutusimulia habari za feri iliyokuwa ikivusha watu na magari kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Daraja lilipokuja feri ikaondoka, lakini mitumbwi haikuondoka. Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, ana mtumbwi wa mwembe wa urefu wa hatua sita hivi. Alfajiri huvulia. Jioni, wageni wakiwapo, huwapeleka ndani kuelekea Bahari ya Wali wakaone mikoko na ndege, na usiku wa giza wakaone maji yanavyowaka kila kafi linapoyagusa. (Vinavyowaka ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikisumbuliwa hutoa mwanga. Nilipokuwa mdogo niliambiwa ni taa za majini, na mpaka leo maelezo hayo nayapenda zaidi.)

Karo yangu yatoka katika mtumbwi huo. Si yote, maana mama naye huuza mahamri na viazi vya karai kando ya barabara. Lakini muhula ambao mjomba hakwenda baharini ni muhula ambao mimi huanza nikiwa nimechelewa wiki mbili.

Mwaka jana bega lake la kulia likaanza kuuma. Alianza kwa kulikanda na mafuta ya nazi, akaja na dawa ya kuchua ya dukani, mwisho akaenda hospitali. Daktari alimweleza kwa upole kwamba kano za ndani ya bega zimechakaa kwa kazi. Asiinue mkono kupita bega, asibebe vizito, na akiweza apumzike miezi mitatu. Mjomba alirudi nyumbani akicheka. "Miezi mitatu! Na samaki nao wameambiwa wapumzike?"

Kafi alilokuwa akitumia ni la mvinje, gumu kama chuma na zito vivyo hivyo. Alilichonga mwenyewe miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na sifa yake moja ni kwamba halivunjiki. Ukilipiga kwenye mwamba, utauonea huruma mwamba.

Likizo ya Aprili ilipofika, mgeni mmoja aliyekuwa amekaa Kilifi miaka miwili alikuwa akijitayarisha kurudi kwao, na akawa anauza vitu vyake: jiko, baiskeli, kitanda cha kamba. Kayaki ilikwisha kununuliwa. Kilichobaki ni kafi la akiba, la bapa mbili, jeusi, la kaboni. Alitaka shilingi elfu tisa. Jipya, huko ng'ambo, kafi la namna hiyo huuzwa kwa dola mia tatu au mia nne, kwa hiyo hakuwa mwizi. Nililishika kwa mkono mmoja nikadhani limejaa hewa, na kwa hakika mpini wake ni mtupu ndani kama mwanzi.

Nilikwenda mbio kwa mjomba. Nyumbani, ndani ya kopo la maziwa ya unga, mlikuwa na elfu tisa na mia kadhaa alizokuwa akiweka kwa ajili ya nyavu. Mama alisikia, akatoka jikoni na unga mikononi.

"Elfu tisa? Kwa mwiko?"

"Si mwiko, mama. Ni kafi la kaboni."

"Lina bapa, lina mpini, lakoroga maji. Huo ni mwiko."

Mjomba hakusema kitu. Alikuwa amekaa mkekani, mkono wa kulia ameulaza pajani kama mtoto aliyelala. Ndipo nilipoona kwamba neno hili halitaki kelele, lataka hesabu. Nilimwomba yule mgeni atuazime kafi lake kwa wiki moja, naye akakubali bila masharti.

Siku hiyo hiyo niliyachukua makafi yote mawili mpaka dukani, penye mizani ya kupimia sukari na mchele. La mvinje, likiwa limekauka vizuri: kilo mbili na gramu mia moja. La kaboni: gramu mia saba na ishirini. Mwenye duka akalitazama hili la pili akatikisa kichwa. "Hili hata ufagio walishinda."

Usiku nikachukua daftari. Nilikuwa nimemhesabia mjomba mapigo yake, naye hupiga 32 kwa dakika akiwa hana haraka. Kwa saa moja ni mapigo 1,920. Kila pigo lazima kafi litoke majini, linyanyuliwe, lirudishwe mbele. Zidisha kwa kilo mbili na gramu mia: ni zaidi ya kilo 4,030. Hiyo ni sawa na kunyanyua magunia 44 ya mahindi, lile gunia la kilo 90, kwa saa moja, kwa bega bovu. Kwa kafi la kaboni hesabu hiyo hushuka hadi magunia 15. Nilipomsomea mama magunia hayo alinyamaza, akaenda kugeuza mahamri.

Mwalimu wetu wa fizikia, nilipomwonyesha daftari shule zilipofunguliwa, aliongeza jambo moja ambalo kila mnunuzi wa kafi angelijua lingemfaa. Uzito wa kafi hauko sawa kila mahali. Gramu mia iliyoko kwenye bapa, mbali na mkono, huchosha kuliko gramu mia iliyoko karibu na kiganja, kwa sababu ile ya mbali ndiyo inayorushwa na kusimamishwa kila pigo. Shika ufagio kwa ncha yake ufungie jiwe dogo upande wa pili, kisha lilete jiwe lile karibu na mkono. Utaelewa bila kuchora. Kwa hiyo anayechagua kafi asitosheke na mizani. Alishike katikati, alipunge, asikie linavyovuta.

Hii kaboni ni nini hasa? Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, mara kadhaa, zinazopatikana kwa kuchoma nyuzi nyingine mahali pasipo na hewa mpaka kila kitu kitoke ibaki kaboni tupu. Thomas Edison alifanya kitu cha jinsi hiyo karibu mwaka 1880, akichoma nyuzi za pamba na vijiti vya mianzi apate uzi wa taa ya umeme. Siku hizi nyuzi hizo hufumwa kama kitambaa, zikaloweshwa gundi, zikagandishwa katika umbo linalotakiwa. Mwaka 1981 kampuni ya McLaren ilileta gari la mashindano lenye mwili wa kitu hicho, na sasa wamo nacho katika ndege, baiskeli na miguu ya bandia ya wakimbiaji. Hakiozi, hakinywi maji, wala funza wa baharini hana haja nacho.

Habari zilipofika barazani, wazee wakatoa hukumu kabla ya kuliona. Kafi ni mti, walisema, na bahari haitaki plastiki. Mimi ni mtoto wa kike na barazani si kwangu, lakini nilikuwa nimebeba kahawa, na mwenye kubeba kahawa husikilizwa kidogo. Niliuliza: mtepe wa Lamu wa zamani haukuwa na tanga la mkeka? Nani leo anatweka mkeka? Nyavu za pamba ziko wapi? Kamba za makumbi je? Na mwaka 2018 pale Lamu si mafundi wetu wenyewe walioshusha Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa takataka za plastiki, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja? Kuna kitabu cha baharia Mgiriki wa karibu miaka elfu mbili iliyopita kinachosimulia safari za pwani zetu, na ndani yake mmetajwa vyombo vya kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja. (Kafi hakulitaja, kama kawaida.) Angekuja leo angeukuta mtumbwi upo, ila kila kilichomo ndani kimebadilika. Mzee mmoja akaniambia, "Haya, umesoma. Ongeza kahawa." Nikaongeza.

Lakini fundi hakuwa kama wale. Karakana yake iko chini ya mwembe, hatua chache kutoka ufuoni, na yeye ndiye huziba nyufa za mitumbwi ya Mnarani. Nilipompa kafi la kaboni hakulicheka wala hakulisifu. Alilipitisha kidole kwenye ukingo wa bapa, akalitazama kwa jicho moja kama mtu anayekagua bomba la bunduki, akaligonga kwa kucha, akasikiliza. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika pale pale kwenye kiganja. "Mti hulia kabla ya kuvunjika. Hiki hakilii."

Maana yake ni hii. Kafi la mti likipasuka utasikia mlio, utaona ufa, utarudi ufuoni ulifunge waya. Kaboni ni imara mno kwa kuvuta na kupinda, lakini adui yake ni kugongwa. Ikigongwa kwenye jiwe huenda isionyeshe chochote, nawe ukaendelea kupiga, mpaka siku moja linakatika mkononi ukiwa mbali. Na sisi pwani yetu ni ya mawe ya matumbawe. Hata mikoko, mizizi yake imejaa chaza wenye kingo za wembe. Tena mvuvi hatumii kafi kwa kupigia maji tu! Mjomba husukumia mwamba kwalo, hulifanya pondo maji yakipwa, hulilaza chini ya mtumbwi kama gogo la kuvingirishia, hulikalia, na siku ya mkunga kuingia chomboni hulitumia kwa kazi ambayo siielezi hapa. Nilijaribu kufikiria kitu cha elfu tisa kikifanya hayo yote, nikaona machozi ya mama.

"Wewe walitaka?" fundi aliniuliza ghafla.

Nililitaka. Kwa nini nifiche? Ningelitaka hata kama bega la mjomba lingekuwa zima.

Jumamosi maji yalipokuwa yamejaa na kutulia, kabla hayajaanza kuvuta kutoka nje, tulishusha mtumbwi. Huo ndio wakati wa kufanyia majaribio, kwani bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, na mkondo ukishaanza kupita chini ya daraja hutajua kama unaenda kwa nguvu zako au kwa nguvu zake. Mjomba alikaa tezini na kafi la kaboni, mimi omoni na saa. Tulikwenda mpaka mkono wa mikoko ambao huwa twaufanya alama, tukarudi, tukabadili kafi, tukaenda tena.

Kwa la kaboni tulitumia dakika 17, kwa la mvinje 19. Dakika mbili si haba, ingawa nilitazamia zaidi. Kafi jepesi humpunguzia mpigaji mzigo wa mikono. Mtumbwi hubaki na uzito wake ule ule, na maji ni yale yale. Lakini saa sikuitazama sana. Nilikuwa namtazama mjomba, na uso wake ulikuwa umekunjamana zaidi kwa kafi jepesi kuliko kwa zito.

Sikuelewa mpaka tulipokuwa tunarudi. Lile kafi limepimwa kwa kayaki, chombo chembamba kilicholala juu ya maji kama jani, na mpigaji huketi chini karibu na maji. Urefu wake ni sentimita 220. Mtumbwi wetu una mbavu za juu na mjomba hukaa juu ya ubao. Ili bapa la kushoto lifike majini bila kugonga ubavu, ilimbidi ainue mkono wa kulia mpaka karibu na sikio. Kila pigo la pili! Daktari alisema asipite bega, na hapa kafi la elfu tisa lilikuwa likimpitisha mara kumi na sita kwa dakika. Mbali na hayo, maji yalikuwa yakitiririka mpinini yakimlowesha mapajani, ijapokuwa lina vipete vya mpira vya kuyazuia. Na laiti tungekuwa na ngalawa badala ya mtumbwi, yale matengo ya ubavuni yasingeliacha lipige hata mara moja.

Nikamtazama tena aliposhika la mvinje. Akipiga kushoto, kama alivyozoea tangu ujana, mkono wa kulia ndio ushikao kichwa cha mpini, ndio uendao juu. Nikamwambia, "Mjomba, hebu piga kulia."

"Kulia kuna nini?"

"Piga tu."

Akahamisha. Mkono wa kushoto ukawa juu, wa kulia ukashuka chini karibu na bapa, na kiwiko chake hakikupanda tena kupita kifua. Alipiga kama mara kumi, akanyamaza, akapiga nyingine kumi. Mtumbwi ulikuwa ukienda kombo kama mlevi, kwa sababu miaka thelathini ya kupiga kushoto haifutiki kwa dakika mbili. Lakini uso ulikuwa umefunguka. "Ee," akasema. "Ee, mwanangu. Hapa pana nafuu." Kisha akalitazama kafi la mvinje. "Ila hili nalo laniua kwa uzito."

Hapo ndipo uamuzi ulipojileta wenyewe. Alichohitaji ni kafi la bapa moja, apige kulia, jepesi kadiri mti unavyoweza kuwa mwepesi. Kafi la kaboni tulilirudisha kwa mwenyewe kwa shukrani. Baada ya siku chache lilinunuliwa na kijana wa upande wa Kilifi mwenye kayaki, na hapo ndipo pahali pake.

Sipendi msomaji adhani nalidharau. Kama una kayaki na wataka kupiga kwa kujifurahisha, hasa katika maji yaliyotulia kama ya Mida kule Watamu, nakushauri ulinunue la kaboni ukipata kwa bei ya mkono wa pili, maana lile la bomba la alumini na bapa za plastiki mara nyingi hupita kilo, na baada ya saa mbili utaijua tofauti hiyo kwa jina. Angalia urefu kwanza: chombo chembamba chataka sentimita 220 hivi, chombo kipana 230 hadi 240. Bapa liwe jembamba, kwa sababu pana huvuta maji mengi na bega ndilo hulipa. Tikisa kiungo cha katikati; kikichezacheza, liache. Tazama kingo kama zina mikwaruzo mirefu. Na ukishalinunua, kila jioni kiungo hicho kifungue ukioshe kwa maji ya kisima, kwani chumvi na mchanga vikikaa humo vitashikamana na hutaweza kukifungua tena.

Sisi tulirudi kwa fundi. Nilidhani atatuambia habari za mvule au mwembe. Mvule, alisema, ni mzuri lakini bei yake ni ya matajiri. Mwembe wafaa mtumbwi kuliko kafi. Mikoko inalindwa, tena ikiwa mibichi huzama majini kama jiwe. Akatupeleka duka la vifaa vya ujenzi, akatufanya tushushe mbao za saiprasi, zile za kutoka bara wanazopigia paa. Alizigonga moja moja kwa vifundo vya vidole, akazitazama kwa upande wa ncha aone mistari inakwendaje, akakataa kila iliyokuwa na jicho. Nafikiri tulishusha mbao kumi na nne. Mwenye duka alikuwa amekwisha kununa alipopata aliyoitaka.

Vipimo alivichukua mtumbwini, mjomba akiwa ameketi mahali pake: kutoka ubao wa kukalia mpaka ncha ya pua, huo ndio urefu wa mpini, bapa lije chini yake. Bapa la zamani lilikuwa na upana wa sentimita 21, hili akalipa 15. Na pale nikaona kwamba wiki ile ya kuazima haikupotea bure. Kafi la kaboni lilikuwa na uti katikati ya bapa, nene pale katikati na jembamba kingoni. Fundi alikuwa ameuiba uti ule kwa macho. Aliuchonga katika saiprasi, akaweza kupunguza kingo mpaka zikabaki unene wa kidole cha mtoto. Kwa kuwa saiprasi ni laini, kwenye ncha alibandika ukanda wa boriti kuukuu ya mkoko iliyotoka katika nyumba iliyobomolewa, akaushika kwa gundi ile ngumu wanayotumia wenye maboti ya fibaglasi. Mwisho akalipaka sifa, mafuta ya papa. Mama alikataa lisiingie ndani siku tatu.

Bei yote, mbao na kazi, ilikuwa shilingi elfu mbili na mia mbili. Zilizobaki zilikwenda katika nyavu, kama zilivyokusudiwa tangu mwanzo, na mama akaacha kuliita mwiko.

Dukani mizani ilisema gramu 860.

Nilimhesabia tena mjomba likizo ya Agosti. Kwa kuwa bapa ni dogo, sasa hupiga 36 kwa dakika badala ya 32, na mwenye hila angesema faida imeliwa. Nilifanya hesabu: mapigo 2,160 kwa saa, kwa gramu 860, ni kama kilo 1,858. Magunia ishirini na kitu, kutoka 44. Kupiga kulia kumemchukua wiki sita hivi. Siri ni kupinda bapa kidogo mwisho wa kila pigo ili omo lisikimbie upande, jambo alilolijua mkono wa kushoto na ikabidi mkono wa kulia ufundishwe upya. Siku za mwanzo wavuvi wenzake walimwuliza kama amelewa.

Bega halijapona. Bado hulala kwa ubavu wa kushoto, na siku za baridi ya kusi hulikanda. Lakini mwezi wa Machi alikuwa akitoka mara mbili kwa wiki, naye Agosti, wageni walipokuwapo, alitoka usiku nne kila wiki, na muhula huu wa tatu nilifika shuleni siku ya kwanza.

Lile la mvinje halikutupwa. Li ndani ya mtumbwi, chini ya miguu yake, na kazi yake sasa ni ya kusukuma miamba na kuwangoja mkunga. Hili jipya nililipima tena kabla ya kurudi shule: gramu 930. Fundi asema mti hunywa, ni tabia yake, likaushwe kivulini, lipigwe msasa, lipakwe sifa tena kabla ya kaskazi. Likizo ya Desemba nitalirudisha mizanini.